Maji ya Ndiva na Shamba la Ukoo

Ukiitazama milima ya Upare kutoka barabara kuu ya Moshi, huioni kazi iliyojificha makorongoni. Huko juu kuna ndiva, mabwawa madogo yaliyojengwa kwa mikono ya koo, mengine tangu kabla Wajerumani hawajafika. Maji hukusanyika usiku, asubuhi tundu huzibuliwa, na mfereji huyashusha mashambani kwa zamu. Ndiva ya Manoo, inayonywesha mashamba ya Bangalala, ni mojawapo ya zinazojulikana sana. Ndiva inaweza kuitwa kwa jina la ukoo, lakini asiyefika kwenye msaragambo wa kuzoa tope na kutengeneza mfereji hana uso wa kudai zamu. Naanzia kwenye maji kwa sababu kila inapotajwa haki ya mjane au binti katika shamba la mlimani, husemwa kwamba ni sheria ya wageni, imeletwa na wanaharakati wa mjini. Nadhani si kweli. Kwamba haki humfuata anayefanya kazi ni kanuni ambayo Wapare wameishi nayo kwenye maji miaka yote. Kilichobaki ni kuipandisha kutoka mferejini hadi shambani.

Mila iliyoandikwa inasema vingine. Mwaka 1963, kwa Tangazo la Serikali Na. 436, serikali ilichapisha sheria za mila za urithi na wosia za jamii zinazofuata ukoo wa baba, zikapokewa na halmashauri za wilaya kwa nyakati mbalimbali. Humo warithi wamegawanywa madaraja matatu: mtoto wa kiume wa kwanza, kisha wana wengine wa kiume, na mabinti mwisho. Mjane hana fungu iwapo mumewe ameacha ndugu wa ukoo. Fungu lake, inasema kanuni ya 27, ni kutunzwa na watoto wake kama alivyowatunza wao. Wengi huishia hapo na kuikasirikia kanuni. Mimi naona isomwe mpaka mwisho, kwa kuwa imebeba ahadi: kuna mtu wa kumtunza, na mtu huyo yupo.

Ahadi hiyo ilitungwa kwa ajili ya watu wanaokaa pamoja. Mwanamume aliyerithi shamba la Mbaga au la Chome alikuwa analala hatua chache kutoka jikoni kwa mama yake, na akimtelekeza, wazee walikuwa na njia ya kumrudi. Kisha vijana walianza kushuka: mashamba ya mkonge ya Tanga, reli, shule za misheni na kazi za ofisini zilizofuata, Dar es Salaam, na sasa nchi za mbali ambako wengi wa wasomaji wa ukurasa huu wanaishi. Jina la mrithi likabaki mlimani na mwenyewe akaondoka. Jembe likabaki mikononi mwa mke, mama na dada asiyeolewa au aliyerudi nyumbani, ndio wanaopalilia tangawizi ya Mamba na kwenda kwenye msaragambo. Wajibu umehama na haki imebaki, na huo ndio ufa ambao kesi za mirathi hupitia.

Sheria ya nchi, kwa upande wake, imekuwa ikiukaribia mfereji polepole. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa, hata kama hakuweka shilingi. Shauri lile lilihusu talaka, lakini wazo lake lilikwenda mbali. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 161, inasema kwamba ardhi ikiwa kwa jina la mwenzi mmoja, na mwingine akachangia kwa kazi yake uzalishaji na uendelezaji wake, basi kwa kazi hiyo amepata haki ndani yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka huohuo, kifungu cha 20, inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mlemavu haki ya kumiliki au kutumia ardhi ya kijiji. Hata hivyo zile kanuni za 1963 hazikufutwa. Wajane wawili wa Shinyanga walizipinga Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama ilikiri kwamba zina ubaguzi, lakini ikakataa kuzitengua. Shauri lilifika hadi kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za wanawake, ambayo mwaka 2015 iliona kwamba Tanzania imekiuka mkataba wa haki hizo. Kwa hiyo anayeondoka duniani bila wosia anaiacha familia yake katikati ya sheria mbili zinazovutana, na mara nyingi anayeshinda ni yule mwenye nauli ya kwenda mahakamani.

Hofu inayosikika zaidi ni kwamba binti akirithi ataolewa, na shamba litaingia ukoo mwingine. Hofu hiyo ina msingi, maana ardhi ya mlimani ni finyu na makaburi ya wazee yamo humohumo. Lakini jibu lake lilishatolewa. Katika shauri la Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory, lililoamuliwa Mwanza mwaka 1990, Jaji Mwalusanya alisema mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi. Akaongeza kwamba ikiuzwa kwa mtu baki bila ridhaa ya ukoo, mwanaukoo anaweza kuikomboa kwa kumrudishia mnunuzi fedha zake. Shamba linaweza kubaki bila binti kunyimwa. Na wosia unaweza kwenda mbali zaidi: mjane alitumie mpaka mwisho wa uhai wake, na anayetaka kuuza awaulize nduguze kwanza.

Wengine wanasema dini imeshamaliza mambo haya. Upareni ukoo mmoja unaweza kuwa na Waislamu, Waluteri na Wasabato, kwa hiyo hoja hii ni nzito. Lakini Muislamu akiacha mjane na watoto, mjane ana thumni yake, na binti ana nusu ya fungu la kaka yake. Wosia wenyewe hauvuki theluthi wala haumwongezei mrithi bila warithi wengine kuridhia. Mafungu hayo yametajwa wazi. Anayemnyima mjane Muislamu kwa jina la ukoo anaivunja dini anayoitaja.

Hoja inayotugusa sisi tulio mbali ni ya fedha: bati ni letu, saruji ni yetu, kwa hiyo nyumba ni yetu. Fedha ni kazi pia, sikatai. Ila fedha iliyotumwa bila maandishi, baada ya msiba, haijulikani kama ilikuwa zawadi, mkopo au ujenzi wa aliyetuma, na mama aliyesimamia mafundi naye alifanya kazi. Waraka mfupi uliosainiwa wakati wa kutuma unazuia ugomvi wa miaka. Aliyechukua uraia wa nchi nyingine ana sababu ya ziada ya kuwahi, kwa kuwa umiliki wa ardhi kwa asiye raia una mipaka. Tena tusisahau kwamba kanuni zilezile za 1963 zinamruhusu mzazi kumnyima urithi mtoto ambaye, bila sababu ya haki, hakumtunza katika njaa au ugonjwa. Hata mila iliyompendelea mwanamume haikumpendelea aliyekimbia.

Wapo wanaoona kuandika wosia ni uchuro. Wazee hawakuona hivyo. Waliusia kwa mdomo mbele ya watu, na mila bado inautambua wosia wa mdomo ukiwa na mashahidi wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Wa maandishi unahitaji tarehe, sahihi ya mwenyewe na mashahidi wanaojua kusoma: wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki, kama mwenyewe anajua kusoma na kuandika, au wanne kama hajui. Mke aliyepo nyumbani naye lazima ashuhudie. Wosia unaweza kuhifadhiwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini. Baadaye msimamizi wa mirathi akiteuliwa na Mahakama ya Mwanzo, ana miezi minne ya kuwasilisha orodha ya mali na madeni, na wosia ulio wazi humrahisishia kazi hiyo. Kila Desemba mabasi yanapoishia Same na magari madogo yanapopanda mlima, mzazi, mke, ndugu wa ukoo na jirani asiye wa ukoo huwa kwenye ua mmoja kwa siku kadhaa, na shamba lenyewe lipo mbele ya macho yao.