Mtoto wa miaka 9 kanipiga, bibi kanifundisha

Kwenye kipindi cha juzi niliahidi kuwasimulia vipi nilivyoaibika Sur. Haya, sikilizeni.

Nafanya kazi Nizwa, na kila mwisho wa mwezi nakwenda Sur kwa bibi. Safari hii mpwa wangu alinifungulia Taiko no Tatsujin, mchezo wa ngoma wa Kijapani ulioanza kwenye mashine za kumbi za michezo mwaka 2001. Alama nyekundu unapiga katikati ya ngoma, ya buluu unapiga ukingoni. Basi. Mimi, mhandisi mzima, nikachagua ngazi ngumu. Wallahi sikumaliza hata wimbo mmoja.

Bibi kakaa pembeni, anasikiliza tu. Mwisho akasema, "Mwanangu, wewe unapiga kwa macho. Unangoja uone, ndo upige. Utachelewa kila mara."

Bibi amekua na lewa, ngoma yenye asili ya Afrika Mashariki inayochezwa mpaka leo hapa Sur: msondo, zumari, na watu wanazunguka duara. Akaanza kupiga makofi pole pole, moja, mbili, tatu. Nikarudi ngazi ya chini kabisa. Yaliyonisaidia ni haya:

Kwanza, imba mdundo kwa mdomo kabla ya kuupiga. Usipoweza kuuimba, mikono haitoweza.

Pili, usirudie wimbo mzima. Tafuta pale unapoanguka, zima skrini, upige pale tu juu ya meza, taratibu, mpaka mikono izoee.

Tatu, TV nyingine huchelewesha picha na sauti. Rekebisha kwenye mipangilio kabla hujajilaumu.

Nne, robo saa kila siku inashinda saa tatu za Ijumaa.

Nizwa sina mchezo wenyewe, kwa hiyo jioni nampigia simu bibi, nagonga meza, yeye ananihesabia. Zamani simu zetu zilikuwa shikamoo, hujambo, halafu "haya, nakupa mama yako." Kiswahili changu kilikuwa kinaishia hapo, na nilikuwa naona haya kukosea. Sasa tunakwenda robo saa, na akisahihisha mdundo anasahihisha na maneno.

Jana nimemwambia, "Bibi, mdundo yangu imepotea."

Akacheka. "Mdundo wako umepotea. Haya, tena. Pole pole."

Mpwa wangu bado ananishinda.