Gitaa la plastiki la Umoja: linafunza nini na linaishia wapi?

Mwezi uliopita nilipanda treni Miritini, nikashuka Syokimau, nikaingia matatu mbili hadi Umoja kumtembelea mdogo wangu wa kike aliyeolewa huko. Nilikuwa sijamaliza kuvua viatu aliponitupia swali. “Kaka, wewe unayeandika mambo ya watu, nihukumie hili. Hiki kidude kinamfaa huyu mtoto au kinampotezea wakati bure?”

Kidude chenyewe kilikuwa mapajani mwa mpwa wangu wa miaka 15. Ni gitaa jeusi la plastiki, dogo kuliko gitaa la kweli, halina hata uzi mmoja. Shingoni lina vitufe vitano vya rangi, na nyuma linatoa waya ulioingia kwenye PlayStation 2 kuukuu. Mamake alilinunua kwa shilingi 800 kwa muuza vitu vya kuchezea vya mtumba. Karibu mwaka mzima kijana analipiga kila jioni. Sasa anasema anataka gitaa la kweli, na pesa pekee iliyopo nyumbani ni ile iliyowekwa kwa vitabu na nauli ya muhula ujao.

Wasiozifahamu Eastlands waelewe kwamba katika mitaa kama Umoja, Kayole, Donholm na Buruburu, gemu si jambo geni. Kuna vibanda vya PS ambako vijana hulipia mechi moja moja, na karibu wote hucheza mpira. Gitaa la plastiki ni nadra, kwa hiyo mama hakuwa na jirani wa kumuuliza. Niliomba siku tatu. Nikakaa na mpwa wangu, nikacheza, nikashindwa, nikauliza maswali. Haya ndiyo niliyoyaona.

Gemu hili linachezwaje

Jina lake ni Guitar Hero. Lilitoka Marekani Novemba 2005, likiwa limetengenezwa na kampuni ya Harmonix na kuuzwa na RedOctane. Wazo lenyewe lilikuwapo kabla. Konami ya Japani ilikuwa na GuitarFreaks, mashine ya kwenye kumbi za michezo, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Hawa wa Marekani waliileta sebuleni, wakaipa nyimbo za roki, na pedi wakaichonga kwa umbo la gitaa la Gibson SG.

Kwenye runinga unaona kitu kama barabara inayokujia, na juu yake vidoa vya kijani, nyekundu, njano, buluu na chungwa. Kila kidoa ni nota. Kikifika kwenye mstari wa chini, mkono wa kushoto uwe umebonyeza kitufe cha rangi ile shingoni, na mkono wa kulia usukume kipande kilichopo mahali pa nyuzi. Vyote viwili kwa wakati mmoja. Ukiwahi au ukichelewa, umekosa.

Nota 10 mfululizo bila kosa, alama zinazidishwa mara mbili. 20, mara tatu. 30, mara nne. Kosa moja linakurudisha mwanzo. Kuna ngazi nne: ya kwanza inatumia vitufe vitatu tu, ya pili vinne, na mbili za juu zinatumia vyote vitano. Mimi nilianguka kwenye ngazi ya pili. Mpwa wangu alicheka hadi akaketi chini.

Uzuri wake

Uzuri wa kwanza ni kwamba kosa linasikika. Ukipiga sawa, unasikia gitaa ndani ya wimbo. Ukikosa, sauti ya gitaa inakatika, ngoma na mwimbaji wanaendelea bila wewe. Hakuna mwalimu anayegomba, lakini aibu unaipata. Baada ya dakika chache nilijikuta siwazii alama tena. Nilitaka tu wimbo usitoboke.

Uzuri wa pili ni ngazi zenyewe. Zimepangwa vizuri kiasi kwamba asiyejua kitu anapata raha siku ya kwanza, na anayejua bado anatoka jasho mwaka mzima. Toleo la pili, la 2006, liliongeza sehemu ya mazoezi: unachagua kipande kinachokusumbua, unakipunguza mwendo, unakirudia hadi kiingie. Ndivyo mwanamuziki yeyote anavyojifunza. Mpwa wangu sasa anafanya hivyo hivyo na hesabu zake za shule. Mamake hakuwa amelitambua hilo hadi nilipomwonyesha.

Uzuri wa tatu ni mdundo. Sisi tuliopiga matari siku za Maulidi tukiwa wanafunzi wa chuoni tunalijua somo hili. Hukuambiwa nadharia. Ulikaa kando ya mkubwa, ukatazama mkono wake, ukachapwa jicho ulipoharakisha. Wanavyuoni wana kauli zao kuhusu ala za muziki na sikuja hapa kuziamua. Nasema tu kwamba kukaa ndani ya mapigo ni ujuzi wa mwili, na mwili huupata kwa kurudia. Gemu hili linarudiwa na watoto bila kulazimishwa. Tena toleo hilo la pili linaruhusu watu wawili, mmoja apige gitaa la mbele na mwenzake besi, na wimbo ukifeli umefeli kwenu nyote.

Kasoro zake

Kasoro kubwa niliiona siku ya pili. Ghorofa ya chini anaishi jirani anayepiga gitaa kwenye harusi. Nilimwomba aje nalo. Mpwa wangu alilipokea kwa furaha, akalikumbatia sawasawa kabisa. Mkono wa kulia ulikuwa tayari: jirani alipogonga meza, kijana aliingia kwenye mapigo papo hapo, bila kusukumwa. Jirani mwenyewe alishangaa.

Lakini mkono wa kushoto ulikuwa mgeni mtupu. Gitaa la kweli lina nyuzi sita na shingo yenye nafasi nyingi. Kidole kikikosea kidogo, uzi unanung'unika. Gemu halikuwahi kumfunza kubonyeza uzi, kutega sauti, wala kupanga vidole vitatu kupata sauti moja nene. Kitufe cha kijani kinaweza kuwa nota yoyote katika wimbo wowote. Mwaka mzima wa rangi haukumpa jina la nota hata moja.

Kisha jirani akafanya jambo lililonigusa. Akaanza wimbo wa pole pole, katikati akaubadilisha bila kusema. Kijana alisimama, akamtazama usoni, akangoja. “Nilikuwa nangoja inionyeshe, anko,” aliniambia baadaye. Kwenye gemu, wimbo umeshaamuliwa. Kazi yako ni kutii. Hakuna kupamba, hakuna kumwitikia mwenzako, na ukiongeza nota nzuri yako mwenyewe unahesabiwa umekosa. Muziki wetu mwingi unaishi mahali hapo hapo panapoadhibiwa. Katika benga, gitaa humfuata mwimbaji, halafu akinyamaza lenyewe hushika hatamu na kukimbia.

Kasoro ya pili ni nyimbo. Toleo la kwanza lilikuwa na nyimbo 47, nyingi zikiwa roki, na zile kubwa zilipigwa upya na wanamuziki wa studio badala ya wenyewe. Katika diski alizonazo mpwa wangu sikukuta wimbo hata mmoja wa Afrika Mashariki. Huyu mtoto anaishi safari ya matatu moja kutoka River Road, ambako benga ilirekodiwa na kuuzwa miaka na miaka. Anazijua bendi za Marekani kwa majina, lakini hakuwa amemsikia D.O. Misiani. Hakumjua Fundi Konde, mtoto wa Pwani aliyetufungulia njia ya gitaa, wala Fadhili William wa Taita. Gemu halikumkataza kuwajua; lilimjaza tu hadi nafasi ikaisha.

Kasoro ya tatu ni vifaa, na hapa nawausia wazazi wanaotaka kununua vya mtumba. Gitaa la waya, kama hili, ndilo salama. Yale ya PlayStation yasiyo na waya huhitaji kipokezi chake, kijidude kidogo kinachochomekwa kwenye mashine. Kikipotea, na kwenye mtumba hupotea, umenunua plastiki. Gitaa la Wii nalo halifanyi kazi bila rimoti ya Wii kuingizwa ndani yake. Pia runinga bapa za sasa huchelewesha picha kidogo sana, kiasi ambacho kwenye mpira hukioni, lakini hapa unaonekana umekosa hali umepiga sawa. Matoleo mengi yana mahali pa kusawazisha hilo. Kitafute kabla hujamlaumu mtoto.

Kasoro ya nne ni tamaa ya wenye mali. Activision ilinunua RedOctane mwaka 2006. Toleo la tatu, la 2007, liliuza zaidi ya dola bilioni moja kwa hesabu ya kampuni yenyewe. Basi wakafurika. Mwaka 2009 peke yake walitoa Guitar Hero: Metallica, Smash Hits, toleo la tano, Van Halen, na juu yake Band Hero na DJ Hero. Watu wakachoka. Februari 2011 kampuni ikalifunga tawi hilo. Mwaka 2015 walirudi na Guitar Hero Live, yenye gitaa jipya la vitufe sita ambalo halikupatana na yale ya zamani, na nyimbo nyingi zikaja kwa intaneti. Desemba 2018 wakazima mtambo huo. Aliyelinunua akabaki na nyimbo 42 za kwenye diski. Gitaa kuukuu la waya la mpwa wangu, lenye diski yake, bado linacheza.

Hukumu yangu

Jioni ya tatu, baada ya magharibi, nilimwita mdogo wangu na mumewe nikawajibu. Kidude hakimpotezei wakati. Kimempa mtoto nusu ya mpiga gitaa, na nusu hiyo, ya mkono wa kulia na sikio la mapigo, ni ngumu kuipata ukubwani. Nusu ya pili hakina, na hata akikipiga miaka kumi hakitampa.

Kwa hiyo nilisema pesa ya vitabu isiguswe. Jirani amekubali kumwachia gitaa lake kila Jumamosi asubuhi kwa saa mbili. Kama baada ya muhula mmoja kijana bado anashuka ngazi kwenda kwake huku vidole vinamuuma, hapo tutachangiana, na mimi nitatoa fungu langu. Akichoka, hatukupoteza kitu, na gemu lake bado lipo.

Nilimwachia pia kazi moja. Kuna programu ya bure ya kompyuta iitwayo Clone Hero, iliyotengenezwa na wapenzi wa gemu hili, ambayo hukuruhusu kuweka wimbo wowote ambao vidoa vyake umevipanga mwenyewe. Nimemwambia atafute wimbo mmoja wa Fundi Konde, ausikilize mpaka ajue kila nota inaangukia wapi, ndipo aupange. Hapo hatakuwa na wa kumwonyesha rangi. Atalazimika kusikia.

Jumamosi iliyopita alinipigia simu. Hakunisalimia vizuri, alianza na malalamiko: “Anko, huu uzi wa chini unakata vidole!” Nikamuuliza kama anaacha. Akaniambia nisubiri, kwanza nimsikilize, akaweka simu mezani.