Lori Lililokwisha Kutumika: Likague Kabla ya Kulipakia

Ndugu wasikilizaji wa Kasulu na Kibondo, huenda wewe na wenzako wa chama cha ushirika mmekusanya fedha za maharage na kahawa, nanyi mmepata Fuso au Isuzu lililokwisha kutumika. Kabla hujatoa fedha, likague.

Nenda kwa mwenye lori asubuhi, wala usimpe habari ya saa utakayofika. Weka kiganja juu ya injini. Ikiwa ina moto, uliza kwa nini imewashwa mapema, maana injini ya dizeli iliyochoka huonyesha ubaya wake ikiwa baridi. Chomoa kijiti cha oili, kifute, kirudishe, ukichomoe tena. Oili isimame kati ya alama mbili. Weusi wake usikutishe, ndivyo ilivyo oili ya dizeli. Lakini ikifanana na chai ya maziwa, maji yameingia ndani. Lori hilo usiliwashe. Likiwaka na moshi wa buluu usikome, injini inakula oili.

Sasa rejeta. Kigoma mjini, kando ya ziwa, ni kama meta 775 juu ya bahari. Kasulu ni zaidi ya meta 1,200. Kadiri tunavyopanda, maji huchemka mapema zaidi: pwani ni digrii 100, kwetu huku ni karibu 96. Mfuniko wa rejeta ndio unaobana mvuke ili maji yasichemke upesi. Mpira wake ukipasuka, lori litachemka mlimani hata likiwa na maji tele, na watu wataishutumu injini bure. Mfuniko mpya ni bei ndogo. Lakini usiufungue injini ikiwa na moto: mvuke humbabua mtu uso.

Aliyepanda sharti ashuke. Lori lenye mzigo likiteremka kuelekea Kigoma kwa breki tupu, ngoma za magurudumu hupata moto, na breki zenye moto hazishiki. Hapo ndipo watu hufa. Teremka kwa gia ileile ambayo ungepandia kilima hicho. Ikiwa breki ni za upepo, jaza mtungi, zima injini, kanyaga breki uishikilie. Mshale ukishuka upesi, pana mahali panapovuja. Kila jioni fungua kizibo cha chini ya mtungi, maji yatoke. Kwa breki za oili, kanyagio likizama polepole chini ya mguu wako, usiondoke hapo.

Vumbi letu jekundu la kiangazi huziba chujio cha hewa. Lipigwe upepo au libadilishwe. Nati za magurudumu yaliyofunguliwa zikazwe tena baada ya safari ya kwanza.

Mwisho, soma namba ya chesisi kwenye chuma chenyewe, uilinganishe na kadi. Zikilingana, nendeni na muuzaji ofisi ya TRA, kadi iandikwe jina lenu.

Somo lijalo ni habari za springi na matairi.