Ash, Mungu wa Jangwa Aliyetumikia Ghala la Farao

Ikitajwa miungu ya Misri ya kale, wengi hukumbuka Ra, Osiris na Isis. Ni wachache wanaomjua Ash, mungu wa jangwa lililo magharibi ya mto Nile. Hana kisa mashuhuri, wala hekalu kubwa linalobeba jina lake. Kwa kuwa aliitwa Bwana wa Libya, wapo waliomhesabu kuwa mungu wa Walibya aliyehamia Misri. Ushahidi wa kale unaelekeza kwingine: Ash alikuwa Mmisri, na kazi yake ilikuwa kuhalalisha mkono wa mfalme juu ya mali ya jangwani.

Baadhi ya alama zake za kale zaidi zimepatikana Abydos, ndani ya bonde la Nile, kwenye lakiri za udongo za Peribsen na Khasekhemwy, wafalme wa Nasaba ya Pili, karibu mwaka 2700 K.K. Lakiri hizo zilifunga bidhaa za ikulu, na huko ndiko tunakokutana naye mapema. Cheo cha Bwana wa Libya tunakikuta baadaye, katika hekalu la maziko la mfalme Sahure huko Abusir. Hapo zimechongwa safu za ng'ombe, punda, mbuzi na kondoo, pamoja na mateka wa Kilibya, huku Seshat, mungu wa kike wa maandishi, akiandika hesabu. Ash hayumo miongoni mwa walioshindwa. Yuko pamoja na mungu wa kike wa Magharibi, upande wa Farao.

Atakayeshikilia kwamba cheo hicho kinathibitisha asili yake amkumbuke Hathor. Yeye aliitwa Bibi wa Byblos, mji ulio nje ya Misri, tena bibi wa feruzi za Sinai, na bado ni mungu wa Kimisri. Wengine watasema Ash ni Set, mungu mwingine wa Kimisri, kwa jina lingine, kwani kwenye lakiri ana kichwa kama cha mnyama wa Set. Ni kweli wawili hao walikaribiana sana, lakini huko Abusir Ash ana sura ya binadamu na cheo chake mwenyewe. Set alihusishwa na dhoruba na vurugu. Ash tunamwona palipo na mali ya kupokewa na kuhesabiwa. Kumwita mgeni, basi, ni kuigeuza hati ya umiliki kuwa cheti cha kuzaliwa.