Fahamu: Kwa nini sumu ya neva huanzia miguuni

Mwaka 1959, mjini Meknes, Moroko, watu wapatao 10,000 walilemaa. Mafuta yao ya kupikia yalikuwa yamechanganywa na vilainishi vya injini za ndege vyenye kemikali ya TOCP. Ajabu ni kwamba aliyekula hakupooza palepale. Udhaifu ulikuja siku kadhaa baadaye, tena ukaanzia miguuni.

Kisa ni umbo la seli ya neva. Mwili wake umo kwenye uti wa mgongo au jirani yake, lakini mkia wake, yaani aksoni, unaweza kufika hadi unyayoni: karibu mita 1. Protini nyingi hutengenezwa kwenye mwili wa seli, kisha husafirishwa kama shehena juu ya reli. Reli ni vijimrija vyembamba. Wachukuzi ni kinesini, inayopeleka, na daineini, inayorudisha. Mizigo ya haraka huenda hadi milimita 400 kwa siku. Safari ikikwama, ncha ya mbali ndiyo hufa kwanza.

Heksani, iliyomo katika baadhi ya gundi za viatu, hugeuzwa mwilini kuwa kemikali inayogandisha nyuzi za aksoni, msongamano ukaivimbisha. Vinkristini, dawa ya saratani itokayo kwenye ua la Madagaska, huzuia vijimrija kujengeka. Ganzi ya vidole ni gharama ambayo madaktari huikubali wakijua.

Aksoni za miguuni huweza kuota upya, takriban milimita 1 kwa siku. Za uti wa mgongo ni nadra kuota tena, na baadhi ya wahanga wa Meknes walibaki na miguu iliyokakamaa.