Umepima mara sita, majibu ni yale yale. Mbona hofu ya VVU haiondoki?

Jamaa yangu mmoja alikuwa na picha zaidi ya 200 za ulimi wake kwenye simu. Ulimi asubuhi, ulimi baada ya chai, ulimi usiku wa manane kwa tochi. Alikuwa anatafuta utando mweupe, maana alisoma mtandaoni kwamba utando mweupe ni dalili ya VVU.

Kilichotokea ni hiki. Usiku mmoja baada ya sherehe alilala na dada ambaye si mchumba wake. Walitumia kondomu. Haikupasuka wala haikuchomoka. Ana uhakika kwa sababu aliipeleka bafuni akaijaza maji aone kama inavuja. Haikuvuja.

Miezi minne baadaye alikuwa ameshapima mara sita, kila mara kituo tofauti ili asikutane na sura ileile. Mara zote sita hana maambukizi. Lakini alikuwa amekonda, usiku halali, na kazini walishaanza kumuuliza kama anaumwa.

Ameniruhusu niandike habari yake, mradi nisitaje jina wala mtaa. Nimeiandika kwa sababu najua si yeye tu. Huenda hata wewe umefungua ukurasa huu saa nane usiku, mwanga wa simu umeupunguza mpaka mwisho ili uliyelala naye chumba kimoja asijue unasoma nini.

Hatari yenyewe ni kubwa kiasi gani?

VVU hupita kwenye damu, shahawa, majimaji ya ukeni, majimaji ya njia ya haja kubwa na maziwa ya mama. Ili uambukizwe, mojawapo ya hayo lazima iingie kwenye damu yako, au igusane na utando laini wa sehemu za siri, au kidonda kibichi. Mate hayaambukizi. Jasho na machozi pia. Kushikwashikwa, kukumbatiana, kusuguana na nguo mwilini, yote hayo hayana njia ya kupitisha virusi. Ngono ya mdomo hatari yake ni ndogo sana, karibu na sifuri.

Hapa kuna kitu kinachochanganya watu wengi. "Kama mate hayana shida, mbona kuna kipimo cha kujipima mwenyewe kinachopanguswa kwenye fizi?" Kipimo kile hakitafuti virusi. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza baada ya kuvamiwa. Askari wanaonekana kwenye majimaji ya fizi, ila askari hawaambukizi mtu.

Sasa namba. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, hutumia makadirio haya: katika matendo 10,000 ya ngono ya kawaida, bila kondomu, na mtu mwenye VVU ambaye hatumii dawa, mwanamke ataambukizwa kwa wastani mara 8, na mwanaume mara 4. Ngono ya njia ya haja kubwa ni habari nyingine: anayepokea, ni mara 138 katika 10,000. Soma tena masharti ya hizo namba. Bila kondomu. Mwenza ana virusi. Hatumii dawa.

Wastani ni wastani tu. Mtu mwenye vidonda vya magonjwa ya zinaa, au aliyelala na mtu aliyeambukizwa wiki chache zilizopita (wakati huo virusi huwa vingi sana kwenye damu), hatari yake inapanda. Na wapo watu walioambukizwa kwa tendo moja tu. Kwa hiyo namba hizi usizigeuze kibali cha kuacha kondomu. Nazileta kwa sababu kichwani mwa jamaa yangu uwezekano ulikuwa kama asilimia 90, tena baada ya kutumia kondomu iliyobaki nzima.

Kuna na hesabu ya pili ambayo watu wachache huifanya. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 ulikuta kwamba asilimia 4.4 ya Watanzania wenye umri wa miaka 15 na zaidi wanaishi na VVU, na kati yao asilimia 78 virusi vyao vimefubazwa. Chukua watu wazima 1,000: 44 wana VVU, na kama 34 kati ya hao dawa zimeshafanya kazi yake. Mtu anayemeza dawa vizuri mpaka virusi havionekani kwenye kipimo hamwambukizi mwenza wake kwa ngono. Utafiti uitwao PARTNER, uliofanyika Ulaya na matokeo yake kutoka mwaka 2016, ulifuatilia jozi 888 za wapenzi ambao mmoja ana VVU na mwingine hana. Walifanya ngono bila kondomu mara zinazokadiriwa kufikia 58,000. Hakuna hata mmoja aliyeambukizwa na mwenza wake.

Nilimwonyesha jamaa yangu namba zote hizi. Akasoma, akashusha pumzi, akalala vizuri siku mbili. Siku ya tatu akaniuliza: "Je, kama kipimo kilikuwa kimeisha muda?"

Hofu inatoka wapi basi?

Wataalamu wa afya ya akili wanaijua hali hii. Ni wasiwasi wa ugonjwa, na una mzunguko wake. Unapata hofu. Unatafuta uhakika: unapima, unaingia Google, unamuuliza rafiki, unajikagua kwenye kioo. Unatulia kidogo. Kisha akili inatafuta tundu jipya. Nesi alisoma majibu haraka. Kwangu labda virusi vinachelewa kuonekana. Labda ni aina mpya. Unarudi tena kutafuta uhakika, na kila ukirudi unaufundisha ubongo kwamba kweli kulikuwa na jambo la kuogopa. Mtandao nao hausaidii. Ukitazama video mbili za dalili za UKIMWI kwenye TikTok, kesho utaletewa ishirini.

Ila kwa jamaa yangu, na nadhani kwa wengi wetu huku, kuna kitu kingine chini yake. Swali nililomuuliza ni dogo tu: usiku ule ungekuwa na mchumba wako, kondomu ileile, hali ileile, ungepima mara sita? Alikaa kimya, kisha akasema, "Nisingepima hata mara moja."

Hapo ndipo utajua hofu ile haikuwa inapima hatari. Hatari ya mchumba ambaye hajawahi kupima naye na hatari ya yule dada hazikuwa na tofauti anayoweza kuijua. Kilichokuwa tofauti ni hatia. Tumekulia kwenye nyumba na mabango ambako VVU ilielezwa kama malipo ya uzinzi, kwa hiyo ukikosea kidogo tu, unaisubiri adhabu ifike. Na hatia haina kipimo cha kidole. Unaweza kutobolewa mara sita ukaambiwa huna virusi, ukatoka pale ukiwa bado una kosa.

Kitu cha pili alikitoa mwenyewe. Baba yake mdogo alifariki mwaka 2002, yeye akiwa mtoto. Anakumbuka mbavu, mkeka, na watu wazima wakinong'ona. Kwake VVU ni ile sura. Serikali ilianza mpango wa kutoa ARV bure mwaka 2004, miaka miwili baada ya msiba ule, na leo mtu anayeanza dawa mapema anaweza kuishi miaka inayokaribia ya mtu mwingine yeyote. Alikuwa analijua hilo kichwani, lakini ile picha ya mkeka haikuwahi kubadilika.

"Lakini nina dalili"

Dalili za mwanzo za VVU zipo kweli. Baadhi ya watu, wiki 2 hadi 4 baada ya kuambukizwa, hupata homa, koo kuuma, vipele, tezi kuvimba na mwili kuchoka. Shida ni kwamba orodha hiyohiyo ni ya malaria, ya mafua, na ya wiki ngumu kazini. Wengine huambukizwa wasione dalili yoyote. Kwa hiyo dalili haziwezi kukuambia ndiyo wala hapana.

Jamaa yangu vipele vilimtoka siku ya pili. Siku ya pili ni mapema mno. Baadaye tukakubaliana ni joto la Dar na shati la poliesta.

Wasiwasi wenyewe unatengeneza dalili: moyo kwenda mbio, jasho la usiku, mdomo kukauka, tumbo kuharisha, usingizi kukata, hamu ya kula kupotea. Usipokula unakonda. Ukikonda unasema "si nilijua". Na tezi za shingoni, ukizibonyeza mara arobaini kwa siku kuona kama zimevimba, zitauma. Hata zangu ziliuma nilipojaribu wakati naandika hapa.

Kinachonikera zaidi ni watu kuanza kumeza antibiotiki za dukani "kujisafisha". Antibiotiki haiui kirusi chochote, VVU ikiwemo.

Pima kwa tarehe

Vipimo vingi vya haraka, pamoja na vile vya kujipima, huangalia kingamwili, na mwili unahitaji muda kuzitengeneza. Muda huo ndio kipindi cha matazamio. Vipimo vya kingamwili huanza kugundua maambukizi kati ya siku 23 na 90. Kipimo cha maabara cha kizazi cha nne, kinachotafuta na kipande cha kirusi chenyewe, ni siku 18 hadi 45.

Kwa hiyo kupima siku ya nne, kama alivyofanya jamaa yangu, kunakuambia hali yako kabla ya usiku ule, basi. Ukipima ikiwa imeshatimia miezi mitatu na majibu ni hasi, na katikati hapo hukujiweka tena kwenye hatari, ni hasi. Hakuna cha "virusi vyangu vimejificha". Kipimo cha saba hakitaongeza ukweli wowote kwenye kile cha tano.

Kujipima nyumbani kunaruhusiwa kisheria Tanzania tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2019, na umri wa kupima bila ridhaa ya mzazi ulishushwa hadi miaka 15. Ukijipima ukaona mistari miwili usijihukumu. Hilo bado si jibu la mwisho, nenda kituoni wakurudie kwa vipimo vingine.

Kama hatari ilikuwa ya kweli, saa zinahesabika

Hapa naomba uache kusoma kwa kuruka. Kama kondomu ilipasuka, au hamkutumia kabisa, au ulilazimishwa, na hujui hali ya mwenzako, kuna dawa iitwayo PEP. Inaanzwa ndani ya saa 72, ikiwezekana siku hiyohiyo, na inamezwa kwa siku 28. Baada ya saa 72 haipewi. Nenda kituo cha afya chenye huduma za VVU, eleza kilichotokea, na waachie wao waamue kama unaihitaji. Ukianzishiwa, watakupangia tarehe za kupima tofauti na nilizotaja hapo juu. Ulizia na magonjwa mengine ya zinaa, na kwa mwanamke, dawa ya kuzuia mimba ya dharura.

Nasema hivi kwa sababu hofu ina tabia mbaya. Aliyetumia kondomu anakimbilia kupima siku ya nne. Ambaye hakutumia anajifungia ndani kwa aibu siku tatu nzima, na ndizo siku tatu pekee ambazo dawa ingemsaidia.

Kipimo cha sita

Mara ya sita jamaa yangu alikutana na mshauri nasaha mtu mzima kidogo. Alimsalimia shikamoo, akapima, akapewa majibu. Hakuinuka kwenye kiti. Yule mama akamwangalia, akamuuliza, "Mwanangu, hapa umefuata nini hasa?"

Akalia. Akaeleza yote, kondomu, maji, ulimi, baba mdogo, mchumba. Ilichukua karibu saa nzima na foleni ilikuwa nje. Mama yule hakumhubiria. Alimwambia kipimo cha saba hatampa, na akamwandikia aende kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya rufaa, ambako sasa anakutana na mwanasaikolojia. Tiba ni ya mazungumzo: anajifunza kuiacha hofu ipande na ishuke yenyewe bila kukimbilia kipimo wala kioo. Anasema wiki ya kwanza ilikuwa mateso. Kama wewe hofu hii imekufikisha mahali unawaza kujidhuru, usisubiri wiki. Mwambie mtu mmoja leo, na mwende hospitali yoyote iliyo karibu.

Mchumba bado hajaambiwa. Hilo ni lake, na sikumshauri kitu.

Picha za ulimi amezifuta zote. Boksi moja la kujipima bado lipo kabatini, halijafunguliwa.