Juba: Fedha Zimehesabiwa, Je, Wagonjwa Wamehesabiwa?

Askari yeyote anajua maana ya kuitwa majina kwenye gwaride. Kamanda hatosheki kuambiwa kwamba kombania imepewa posho ya watu 100. Hutaka kuwaona watu wenyewe, na asiyekuwepo hutafutwa hadi ijulikane kama yu lindoni, yu hospitali, au ametoroka. Kwa desturi hiyo tunataka kueleza jambo zito linalohusu Juba na majimbo yote ya Sudan Kusini, nalo ni ukaguzi wa mipango ya kupambana na Ukimwi na kifua kikuu inayoendeshwa kwa fedha za wafadhili.

Baada ya mkataba wa amani wa Januari 2005, sehemu kubwa ya mipango hiyo imetegemea msaada wa nje. Miongoni mwa wafadhili wakubwa ni Mfuko wa Dunia wa Kupambana na Ukimwi, Kifua Kikuu na Malaria, ulioanzishwa mwaka 2002. Kwa miaka mingi fedha za Mfuko huo zimepitia Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, ambalo hufanya kazi na Wizara ya Afya. Kila hatua ina stakabadhi yake, hesabu yake ya bohari na taarifa yake. Hesabu hizo ni za lazima. Hata hivyo, stakabadhi huthibitisha kwamba dawa imetoka bohari. Haithibitishi kwamba mgonjwa ameimeza, wala kwamba amepona.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Zahanati moja imeandikisha wagonjwa 40 wa kifua kikuu katika miezi mitatu. Taarifa ya kwanza yasema dawa za watu 40 zimetolewa, na kila mtu ameridhika. Mwaka mmoja baadaye daftari lafunguliwa tena: 30 wamemaliza matibabu, 3 wamefariki, na 7 hawajulikani waliko. Swali la mkaguzi wa jimbo lapasa kuwa moja tu: hao 7 wako wapi? Matibabu ya kawaida huchukua miezi 6. Anayeyaacha katikati aweza kurudi akiwa na vijidudu vilivyozoea dawa, akawaambukiza wale anaolala nao bweni moja.

Njia ya kuuliza swali hilo ilipata umbo lake hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma, kwa ushauri wa Dkt. Karel Styblo, mzaliwa wa Chekoslovakia ambaye mwenyewe aliugua kifua kikuu alipokuwa mfungwa wa Wanazi katika kambi ya Mauthausen. Fedha nyingi za mpango huo zilitoka nje, lakini daftari lilikuwa la wilaya. Kila robo ya mwaka mratibu wa wilaya alieleza yaliyompata kila mgonjwa aliyeandikishwa, na mratibu wa mkoa akapita kulinganisha daftari na maabara. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani lilieneza utaratibu huo duniani kote.

Katika Sudan Kusini kazi hiyo ni ngumu zaidi. Mvua hukata barabara kwa miezi. Vita vya Desemba 2013 na mapigano ya Juba ya Julai 2016 viliwatawanya wagonjwa pamoja na waganga. Tena mipaka yenyewe imebadilika: majimbo 10 ya mwaka 2011 yaligawanywa kuwa 28 mwaka 2015, kisha 32 mwaka 2017, na Februari 2020 yakarudishwa kuwa 10 pamoja na maeneo 3 ya utawala. Mpaka ukihama, takwimu za mwaka jana hazilinganishwi kwa urahisi na za mwaka huu, na mgonjwa aweza kupotea katikati ya madaftari mawili.

Hapa ndipo jambo hili linapowagusa ninyi, ndugu askari na polisi. Hakuna watu wanaohamishwa ghafla kama ninyi. Askari aliyeanza dawa Juba aweza kupelekwa Malakal au Wau usiku huo huo. Asipopewa barua ya uhamisho na akiba ya dawa, daftari la Juba litamwandika aliyepotea, na la huko aendako halitamjua kabisa. Ndivyo ilivyo pia kwa mahabusu anayetolewa kituo kimoja cha polisi kwenda kingine. Anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi apelekwe kupimwa makohozi, na kila mwenye kifua kikuu apewe nafasi ya kupima virusi vya Ukimwi, kwa kuwa maradhi haya mawili hufuatana. Lakini majibu ya vipimo si habari ya gwaride. Kamanda hana haja ya kujua askari ana ugonjwa gani. Yamtosha kuhakikisha kwamba hakuna anayeondoka kambini bila kupitia kwa mganga.

Kuna funzo jingine la karibuni. Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje kwa siku 90, na Julai 1 mwaka huo shirika lake la USAID likaacha kuendesha misaada. Mfadhili huja kwa hiari yake na huondoka kwa hiari yake. Akiondoka na gari lake, ni hasara. Akiondoka na karani aliyekuwa akiandika daftari, na daftari lenyewe likabaki katika mashine yake, hiyo ni hasara kubwa zaidi, kwani hakuna atakayejua nani alikuwa akitibiwa na amefikia mwezi wa ngapi.

Kwa hiyo yapasa kila jimbo liwe na daftari lake, mkaguzi wake, na siku yake ya kulisoma kila robo ya mwaka, fedha ziwepo au zipungue. Kuhesabu fedha ni kutimiza ahadi kwa mfadhili. Kuwahesabu wagonjwa mmoja mmoja, hadi wa mwisho ajulikane alipo, ni kutimiza ahadi kwa mwenzako wa kombania.